Umbali na Muda wa Safari ya Ndege kati ya Mwanza na Bukoba

Umbali kati ya kiwanja cha ndege cha Mwanza na kile cha Bukoba, ukipimwa kwa mstari mnyoofu juu ya Ziwa Victoria, ni takriban kilomita 175, na ndege inayokwenda kilomita 500 kwa saa ingepaswa, kwa hesabu ya darasani, kuumaliza kwa dakika 21. Ratiba za safari hiyo, hata hivyo, aghalabu hutenga kama dakika 45, na abiria aliyefunga mlango wa nyumba yake Nyegezi, jijini Mwanza, hadi akashuka katikati ya mji wa Bukoba huwa ametumia saa tatu hivi, na siku ya mvua hata zaidi. Namba hizi tatu zote ni sahihi, kila moja kwa kipimo chake, na uchambuzi wa muda wa safari za viwanja vya mikoani hauna budi kueleza kwa nini zinaachana kiasi hicho. Inavyoonekana, katika safari fupi namna hii kilomita ndizo zenye usemi mdogo kuliko vyote, kwa kuwa sehemu kubwa ya muda huamuliwa kwenye ncha mbili za mstari: urefu wa njia ya kurukia, mawingu yaliyokaa juu ya mji, na ndege yenyewe ilikotoka kabla ya kufika Mwanza.

Umbali wenyewe hauna utata. Kiwanja cha Mwanza kipo latitudo ya digrii 2.44 kusini na longitudo ya digrii 32.93 mashariki, ilhali cha Bukoba kipo digrii 1.33 kusini na digrii 31.82 mashariki, hivyo viwanja hivi vinatofautiana kwa digrii 1.11 upande wa latitudo na kwa kiasi hichohicho upande wa longitudo. Digrii moja ya latitudo ni kilomita 111 na ushei, na kwa kuwa eneo hili lipo karibu sana na ikweta, digrii ya longitudo nayo ina takriban urefu huohuo, jambo ambalo haliwezi kusemwa kuhusu nchi zilizo mbali kaskazini au kusini, ambako mistari ya longitudo hubanana kadiri inavyokaribia ncha za dunia. Kwa hiyo Bukoba iko kilomita 124 kaskazini mwa Mwanza na kilomita 124 magharibi mwake, na kanuni ya pembetatu mraba ambayo mwanafunzi wa sekondari anaijua inatosha kutoa kilomita 175, mwelekeo ukiwa kaskazini-magharibi kamili. Marubani hutumia maili ya baharini, yaani mita 1,852, kipimo kilichotokana na dakika moja ya latitudo, na kwa kipimo hicho safari hii ni maili 94. Katika safari ndefu wataalamu husisitiza duara kuu, yaani njia fupi kuliko zote juu ya uso wa mviringo wa dunia, ambayo kwenye ramani bapa huonekana kama upinde. Kwa Mwanza na Bukoba upinde huo hautofautiani na mstari wa rula kwa kiasi chochote cha kujali.

Kinachoupa mstari huu thamani ni kilicho chini yake. Ndege inapoondoka Mwanza na kushika uelekeo wake huiacha Ukerewe upande wa kulia na kisiwa cha Kome upande wa kushoto, kisha husafiri juu ya maji matupu karibu safari nzima hadi kisiwa cha mawe cha Musila kinapojitokeza mbele ya mwambao wa Bukoba. Barabara haina uhuru huo. Basi linalotoka Mwanza hulazimika kuuzunguka upande wote wa kusini-magharibi wa ziwa, likipitia Sengerema, Geita, Biharamulo na Muleba, kwa zaidi ya kilomita 400, yaani zaidi ya mara mbili ya umbali wa anga. Kwa miongo mingi mzunguko huo ulikatwa na kivuko cha Kigongo na Busisi, ambako gari liliweza kukaa foleni kwa muda mrefu kuliko lilioutumia kuvuka, hadi daraja lenye urefu wa kilomita 3 hivi lilipofunguliwa Juni 2025 na kuufanya uvukaji huo uwe wa dakika chache. Meli nayo hufuata njia iliyo karibu na mstari wa ndege, ila huitumia usiku kucha. Njia hiyo ya maji ndiyo iliyobeba mizigo, ndizi na watu wa Kagera, mkoa wa Bukoba, kwa vizazi, na ndiyo iliyobeba pia msiba wa MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imebakiza mwendo mfupi kufika Mwanza, ikipoteza mamia ya watu.

Baada ya umbali huja muda, na hapo hesabu ya kugawanya kilomita kwa mwendo huanza kupwaya, kwa sababu ndege haifiki kwenye mwendo wake wa kawaida papo hapo. Wataalamu hutenganisha muda wa angani, unaoanzia magurudumu yanapoachana na ardhi hadi yanapoigusa tena, na muda wa egesho hadi egesho, unaoanzia ndege inapoondoka mahali ilipoegeshwa hadi inaposimama na kuzima injini mahali pa mwisho. Ratiba huandikwa kwa kipimo hiki cha pili. Ikichukuliwa ndege ya aina ya ATR 42 au ATR 72, yenye injini mbili za rafadha, ambazo watu wengi nchini Tanzania huziita pangaboi, na ikiwa imepangwa kupaa hadi mita 3,000 juu ya usawa wa viwanja hivi viwili, basi kupanda huko, kwa kasi ya kama mita 300 kwa dakika, kutachukua dakika 10, na katika dakika hizo ndege itakuwa imesogea mbele kilomita 58 tu, maana ndege inayopanda hutoa sehemu ya nguvu yake kwa ajili ya kimo. Kushuka nako kuna sheria yake. Mteremko wa kawaida wa ndege ya abiria ni digrii 3, na ndege inayopoteza mita 3,000 kwa mteremko huo inahitaji kilomita 57 za mwendo, kwa hiyo rubani hulazimika kuanza kuiinamisha ndege mapema, wakati Bukoba haijaonekana hata kwa mbali.

Zikijumlishwa sehemu hizo mbili, zinazobaki katika kilomita 175 ni kilomita 60 tu za kwenda sambamba kwa mwendo kamili, yaani dakika 7. Mhudumu anayeanza kugawa maji mara taa ya mikanda inapozimwa hulazimika kufanya haraka, na abiria wa viti vya nyuma huenda wakayapokea ndege ikiwa imeshaanza kushuka. Dakika 10 za kupanda, 7 za sambamba, 8 za kushuka na mbili au tatu za kupunguza mwendo, kutoa magurudumu na kujipanga na njia ya kutua hufanya takriban dakika 28 za angani. Dakika nyingine hutumika ardhini, hasa Mwanza, ambako njia ya kurukia ina urefu wa zaidi ya mita 3,000 na ndege yaweza kutembea mwendo mrefu kabla ya kuruka, lakini pia katika viwanja vingi vidogo visivyo na barabara ya pembeni, ambako ndege iliyotua hugeuka na kurudi juu ya njia ileile iliyotulia ili kufika kwenye egesho. Waandaa ratiba nao huongeza dakika kadhaa za tahadhari, kwa kuwa ratiba inayochelewa kila siku humchosha abiria kuliko ratiba ndefu inayotimizwa.

Hesabu hiyo ya sehemu tatu inaeleza jambo ambalo wasafiri wengi hulalamikia bila sababu ya kutosha, yaani kwamba safari za mikoani hupewa pangaboi badala ya ndege za jeti. Jeti inayokwenda kilomita 830 kwa saa ingeokoa muda katika zile kilomita 60 za kati tu, na akiba yake yote isingezidi dakika 3, kwa kuwa huko chini, kwa kanuni za kawaida za usafiri wa anga, ndege zilizo chini ya futi 10,000 huzuiwa kuzidi maili 250 za baharini kwa saa, ziwe za jeti au za rafadha. Kwa dakika hizo tatu ingechoma mafuta mengi zaidi na kuhitaji njia ndefu ambayo Bukoba haina. Hali ni tofauti kati ya Dar es Salaam na Mwanza, umbali wa takriban kilomita 850, ambako sehemu ya kati ni ndefu vya kutosha kwa jeti kumwacha mwenzake nyuma kwa nusu saa hivi. Upande wa pili wa mizani zipo ndege ndogo zenye injini moja, kama Cessna Caravan, zinazokwenda kilomita 300 kwa saa au zaidi kidogo. Hizi zingetarajiwa kuchelewa sana, lakini kwa kuwa hazipandi juu sana, hutua kwenye njia fupi na hushusha abiria kumi na wawili kwa muda mfupi, huachwa na ndege kubwa kwa dakika chache tu. Kuna vikokotoo vya kompyuta ambavyo hukadiria muda wa safari yoyote kwa kugawanya umbali kwa kilomita 800 kwa saa kisha kuongeza nusu saa. Kwa Mwanza na Bukoba kanuni hiyo hutoa dakika 43, jibu linalokaribiana na ratiba, ingawa hakuna ndege yoyote ya njia hiyo inayokwenda kwa mwendo huo. Ile nusu saa ya ziada ndiyo inayobeba ukweli wote.

Jambo lenye kufundisha zaidi linaonekana pale safari hii fupi inapounganishwa na safari ya kutoka Dar es Salaam. Kutoka kiwanja cha Julius Nyerere hadi Bukoba moja kwa moja ni takriban kilomita 1,025, na ukipitia Mwanza, kilomita 850 na ushei za kwanza na 175 za pili hufanya takriban 1,027. Kwa maneno mengine, Mwanza iko karibu kabisa juu ya mstari wa Dar es Salaam na Bukoba, na kutua hapo hakuongezi umbali zaidi ya kilomita mbili au tatu, umbali ambao ndege huumaliza kwa sekunde ishirini hivi. Na bado abiria wa Bukoba anayepitishwa Mwanza huchelewa kwa karibu saa nzima: ndege hushuka, huegeshwa, hushusha watu na mizigo, huongezwa mafuta ikibidi, hupokea abiria wapya wanaohesabiwa mmoja mmoja, kisha huanza upya kupanda kule ilikokuwa. Sekunde ishirini za masafa zimezaa saa moja ya ratiba. Msimamo kwamba umbali ndio unaopanga muda haupati mfano mbaya zaidi ya huu.

Upepo, ambao katika safari za kuvuka bahari kuu huweza kuongeza au kupunguza saa nzima, hapa ni wa kupitwa haraka. Ikiwa upepo wa kutoka kusini-mashariki unavuma kwa kilomita 30 kwa saa, ndege ya wastani wa kilomita 450 kwa saa itasukumwa kuelekea Bukoba na kufika dakika 3 mapema kuliko itakavyorudi Mwanza ikiukabili upepo huohuo. Kinachoongeza dakika katika njia hii ni mawingu.

Ziwa Victoria, lenye eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, lina hali ya hewa yake lenyewe. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa yake hupanda, na upepo mwanana hutoka ziwani kuingia nchi kavu, hivyo mawingu makubwa ya radi hujikusanya kwenye vilima vilivyo mbali na maji. Usiku mambo hugeuka: ardhi hupoa, pepo hutoka pande zote za nchi kavu na kukutana juu ya ziwa, na hewa inayokutana haina pa kwenda ila juu, ikibeba unyevu mwingi. Kwa sababu hiyo mvua kubwa za ziwani hunyesha zaidi usiku na alfajiri, na kwa kuwa upepo wa jumla hutoka mashariki, mawingu hayo husukumwa kuelekea pwani ya magharibi, ambako ndiko Bukoba ilipo. Mji huo hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, karibu mara mbili ya Mwanza, na sehemu kubwa ya mvua hiyo hufika asubuhi, saa ambazo mashirika ya ndege hupenda kuzipangia safari ya kwanza. Rubani anayeondoka Mwanza jua likiwaka aweza kukuta Bukoba imefunikwa kabisa, ingawa umbali kati yao ni nusu saa.

Anapoikuta hivyo, ana njia mbili. Ya kwanza ni kuzunguka angani akisubiri wingu lipite, kwa mzunguko uliokubalika duniani wenye pande mbili zilizonyooka za dakika moja moja na mapindo mawili ya dakika moja moja, yaani dakika 4 kwa mzunguko mmoja. Mizunguko saba ya namna hiyo ni sawa na muda wote wa angani kutoka Mwanza. Ya pili ni kurudi Mwanza, au kwenda kiwanja kingine kilichotajwa kabla ya kuruka, na ndiyo maana ndege ya njia hii hubeba mafuta ya kwenda, ya kurudi na ya akiba ya kusubiri, mzigo ambao hupunguza nafasi ya abiria na mikungu yao. Tarehe 6 Novemba 2022, asubuhi yenye hali mbaya ya hewa, ndege ya ATR 42 iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani ikijaribu kutua Bukoba, karibu na ufukwe kiasi kwamba wavuvi waliokuwa na mitumbwi yao ndio waliowahi kuifikia. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki. Mjadala uliofuata nchini ulihusu uokoaji zaidi, na haki ilikuwa hivyo, lakini kwa suala la muda ajali hiyo inaweka wazi kwamba dakika za kusubiri na za kurudi ni sehemu halali ya safari, na ratiba au abiria anayezihesabu kuwa hasara anawashinikiza watu wasiopaswa kushinikizwa.

Kiwanja chenyewe cha Bukoba hakimpi rubani nafasi kubwa. Njia yake haifiki nusu ya urefu wa ile ya Mwanza, ncha yake moja ipo kwenye maji na upande wa mji kuna vilima. Kimo cha kama mita 1,150 juu ya usawa wa bahari hufanya hewa iwe nyepesi kwa takriban sehemu moja ya kumi ikilinganishwa na ya Dar es Salaam, hivyo bawa huhitaji mwendo mkubwa zaidi wa ardhini ili kubeba uzito uleule, na ndege huhitaji mita nyingi zaidi za lami kuruka na kusimama. Mwanza ina kimo hichohicho, lakini kule lami ni ya kumwaga. Isitoshe, safari za Bukoba zimezoeleka kuwa za mchana, kwa hiyo ndege iliyochelewa Dar es Salaam kwa sababu ambayo haina uhusiano wowote na Kagera yaweza kuukuta mchana umekwisha, na safari ya dakika 28 ikageuka kuwa ya siku mbili.

Ramani inaonyesha pia kwamba jirani wa karibu wa Bukoba kwa njia ya anga si Mwanza. Entebbe iko umbali wa kilomita 168 hivi, pungufu kidogo, na Kigali kama kilomita 200. Yeyote anayekadiria muda kwa kilomita angetarajia safari tatu zinazofanana, lakini viwanja hivyo viwili viko ng'ambo ya mipaka, ambako pasipoti, forodha na haki za kutua zinazokubaliwa kati ya serikali huongeza muda ambao hauhesabiki angani, na hufanya msafiri wa Bukoba anayekwenda mbali apitie Dar es Salaam, kilomita 1,025 upande mwingine kabisa. Kigali ina na lake la ziada: Rwanda iko saa moja nyuma ya Tanzania, hivyo anayesoma saa za tiketi bila kulijua hilo huweza kuamini kwamba ndege imefika karibu na wakati iliporuka, na akirudi akadhani imekawia.

Zinabaki saa tatu za mlangoni hadi mlangoni. Kiwanja cha Mwanza kipo Ilemela, kama kilomita 10 kutoka katikati ya jiji, na kwa foleni za asubuhi mwendo huo pekee waweza kulingana na muda wa angani. Abiria hutakiwa kufika saa moja au zaidi kabla ya ndege kuondoka, hukaguliwa mara mbili, husubiri, na akitua husubiri mzigo. Bukoba ndiyo inayomrudishia sehemu ya muda huo, kwa kuwa kiwanja chake kimo mjini, kando ya ziwa, na mwenye begi dogo aweza kwenda nyumbani kwa miguu. Faida hiyo iko hatarini, ingawa kwa sababu nzuri. Kwa miaka mingi limetajwa eneo la Omukajunguti, wilayani Missenyi, kuwa ndipo pajengwe kiwanja kikubwa cha Kagera, chenye nafasi ya njia ndefu na mbali na ukingo wa maji. Kiwanja cha namna hiyo kingepunguza siku za kurudi Mwanza na kuruhusu ndege kubwa za moja kwa moja kutoka Dar es Salaam, na hivyo kuifuta ile saa ya kutua njiani. Kwa abiria wa Mwanza, lakini, asiyepata faida yoyote katika kilomita zake 175, kingeongeza mwendo wa gari kutoka Missenyi hadi mjini, na huenda mwendo huo ukawa mrefu kuliko dakika alizokaa angani.